Kifuniko Kimoja cha Dawa ya Kupe

Watu wa Mikumi waliomfahamu Sesilia walimfahamu kwanza kwa mikono yake. Ilikuwa safi kupita kazi aliyoifanya, kwa maana kazi yake ilikuwa maji taka. Kila asubuhi aliyapokea maji yaliyotoka kwenye nyumba za wageni za barabarani na kwenye machinjio, maji mazito yenye harufu ya kukaba koo, akayatuamisha katika shimo la saruji, kisha akayapandisha kwa pampu hadi kwenye mirija mirefu ya plastiki angavu iliyosimama juani safu kwa safu. Ndani ya mirija hiyo uliishi mwani. Haukuwa ule wa baharini unaofungwa kwenye kamba. Huu ulikuwa mdogo mno hata jicho lisiuone mmoja mmoja, lakini ukishakuwa mwingi huyageuza maji yakawa kijani kama mlenda uliopikwa. Mwani ulikula uchafu wa maji, ukanenepa kwa jua na kwa hewa iliyopulizwa kutoka chini, na ukishanenepa Sesilia aliuvuna. Aliutuamisha katika tangi lenye kitako kilichochongoka, akaukamua kwenye kitambaa kizito, akauanika juu ya chekeche za waya hadi ukawa magamba makavu. Maji yaliyobaki, yasiyonuka tena, yalishuka kwa bomba hadi kwenye bwawa la perege la Bi Joha, na magamba yale yakawa chakula cha perege hao hao.

Alizaliwa Kilosa mjini, upande wa reli. Babu yake alitoka kusini kuja kukata mkonge Rudewa. Mashamba yakafa, yeye akabaki. Baba yake alikarabati njia ya treni hadi mgongo ulipomkataa. Katika nyumba hiyo spana haikulala nje ya mahali pake hata usiku mmoja, na Sesilia alikwenda na tabia hiyo hadi chuo cha ufundi stadi, alikosomea ufundi bomba, na kutoka hapo hadi Mikumi. Mama yake alipoambiwa kwamba binti ameajiriwa kufuga ukoga, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza kama ukoga una likizo.

Hakuwa msemaji. Mhandisi wa mradi, Deogratias, aliyekuwa akija kutoka Morogoro kila baada ya siku kadhaa, alimwamini kiasi cha kuacha kukagua. Sesilia akisema koki imefungwa, ilikuwa imefungwa. Sharti alilompa tangu mwanzo lilikuwa kwamba kitu chochote kigeni kisiingie kwenye mirija bila yeye kujua, hata sabuni. Kukitokea tatizo, afunge mtambo na apige simu. Sesilia alilikubali kwa moyo wote. Lilikuwa sharti ambalo angeliweka yeye mwenyewe.

Majirani wa mtambo walikuwa wawili. Upande wa chini alikuwapo Bi Joha, mjane, mwenye bwawa. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali maji ya mirija yaingie kwenye samaki wake, wakati watu wengine wa kitongoji wakiapa kwamba hawatakula perege aliyekunywa maji ya chooni. Aliwala yeye kwanza mbele yao, akalamba vidole. Kila akimwona Sesilia alimtania kwamba ameolewa na ukoga na mahari haijafika bado.

Ng'ambo ya korongo lilikuwa boma la Koileken, mfugaji, na mkewe Nashipai. Mwaka uliotangulia bomba la maji lilipasuka karibu na boma hilo, Sesilia akaliziba, akakataa malipo. Nashipai hakubishana naye. Alimpa kondoo jike mchanga. Kwa desturi ya watu wake, waliopeana mnyama hawaitani tena kwa majina yao, huitana kwa jina la zawadi, na kwa kuwa zawadi ilikuwa kondoo, wote wawili wakawa Paker. Kondoo alibaki katika zizi la Nashipai, maana Sesilia alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Lakini jina lilikwenda nao popote, sokoni na barabarani, na watu waliwasikia. Desturi hiyo ilibeba jambo jingine ambalo Sesilia alilifurahia bila kulitafakari sana: Paker akiomba kitu, haulizwi cha nini.

Mwishoni mwa kiangazi kulikuwa na wiki ya wageni. Wafadhili wa mradi walitarajiwa siku ya Ijumaa, na Deogratias alikwisha kupiga simu kupita kawaida yake. Siku chache kabla, Sesilia aliona safu ya mwisho ya mirija imepauka. Alichota maji katika glasi akayainua juani. Ndani yake vijidudu vyeupe vilirukaruka, viroboto wa maji, wanyama wanaoula mwani kama mbuzi walioachiwa shamba la mahindi. Kufikia alasiri safu nzima ilikuwa rangi ya chai iliyopoa, na ya pili yake ilikuwa inafuata.

Alijua la kufanya. Alitakiwa afunge, apige simu, mirija imwagwe na mwani upandwe upya, kazi ya wiki nyingi, na wageni waje wakute plastiki tupu. Alishika simu. Akaona jinsi Deogratias atakavyosema kwa upole kwamba si kitu. Upole huo ndio alioshindwa kuukabili. Tangu aanze kazi hakuwahi kupiga simu kusema jambo limeharibika mikononi mwake.

Aliiweka simu, akavuka korongo. Koileken alikuwa ameogesha ng'ombe wake wiki hiyo, na Sesilia alikwisha kuona jinsi kupe wanavyodondoka wakishapuliziwa ile dawa huku ng'ombe akitafuna majani yake bila wasiwasi. Kinachoua kupe kikamwacha ng'ombe, alijiambia, kitaua kiroboto kikauacha mwani. Alimwomba Nashipai dawa kidogo. Nashipai alimjazia kifuniko kimoja cha chupa katika kikopo cha maziwa ya unga, akampa salamu za kumpelekea mama yake Kilosa, wala hakuuliza dawa ni ya nini.

Hesabu yake ilikuwa sahihi, na hilo lilikuja kumuuma baadaye kuliko kama angekosea yote. Viroboto walizama chini kabla jua halijatua. Mwani haukudhurika, ndani ya siku mbili kijani kilirudi kikiwa kizito kuliko awali. Aliosha kikopo, akakikausha, akakiweka kifudifudi rafuni. Kitu ambacho hakukiweka katika hesabu yake ni samaki.

Bi Joha aligundua asubuhi. Sesilia alisikia sauti yake kabla ya kumwona, si kelele, bali jina la Mungu likirudiwa kwa sauti ya chini kama mtu anayehesabu. Bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo. Perege walielea midomo wazi, wakubwa waliobakiza wiki moja kuuzwa kwa mama lishe wa barabarani, na wadogo ambao hawakuwa na ukubwa wa kidole. Watu walikwisha kuanza kufika na ndoo, kwa kuwa samaki wa bure ni samaki, na hapo Sesilia akasema, kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa yake, kwamba samaki waliokufa wenyewe hawaliwi na wazikwe mara moja. Alishika koleo. Kabla ya hapo alipanda mtamboni akaifunga koki ya kuteremshia maji, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alichimba mpaka viganja vikachubuka. Bi Joha alimtazama, akamwambia mtu aliyekuwa kando yake kwamba huyu binti ana utu kuliko watoto wa kuzaa. Jioni alimpelekea bakuli la maharage. Sesilia aliyala yote kwa sababu kuyaacha kungehitaji maelezo, kisha akaliosha bakuli lile, akaliosha tena, na bado hakulirudisha.

Wageni walikuja Ijumaa. Walipiga picha mbele ya mirija ya kijani. Mmoja alimshika Sesilia mkono, akasifu jinsi sakafu ilivyong'aa. Deogratias alisimama pembeni akitabasamu kama mzazi siku ya mahafali. Alipouliza mbona maji hayateremki, Sesilia alimjibu kwamba amefunga kwa sababu ya msiba wa bwawa la chini, hadi ijulikane ni nini. Kila neno la jibu hilo lilikuwa la kweli.

Haikuchukua muda watu wakajua ni nini, kwa namna watu wanavyojua. Mmoja alikumbuka kwamba Koileken aliogesha ng'ombe wiki hiyo. Mwingine alikumbuka harufu. Mapito ya mifugo kuelekea mtoni yalipita juu kidogo ya bwawa, na hilo likatosha. Koileken alieleza kwamba yeye huogeshea ng'ambo ya korongo, maji hayawezi kupanda mlima yakarudi bwawani. Walimsikiliza wakimtazama kama mtu anayeongea lugha yake, wasiyoijua wao. Habari za Rudewa, za wakulima na wafugaji walioumizana huko zamani kwa ajili ya mashamba na mifugo, zilianza kutajwa vilabuni. Mzee Ditram, mwenyekiti wa kitongoji, aliitisha kikao, na kabla kikao hakijakaa ilikwisha kufahamika kitaamua nini: mapito yafungwe. Koileken atafute maji kwingine. Na kwingine, wakati huo wa kiangazi, kulikuwa kuzunguka kwa mpaka wa hifadhi, ambako ng'ombe akivuka mstari anakamatwa na mwenyewe anakamatwa naye.

Sesilia alikwenda bomani siku moja kabla ya kikao. Alimkuta Nashipai akikung'uta kibuyu cha maziwa. Alikuwa amepanga maneno njiani, lakini yalipotea alipoona kwamba amewekewa kigoda kama kawaida.

"Paker," alisema, "watu wanasema ni nyinyi."

"Nimewasikia."

"Nawe unajua dawa ulimpa nani."

Nashipai alikitazama kibuyu ndani, akakikung'uta tena. "Najua nilimpa nani. Aliifanyia nini, hilo sijui. Sikuuliza siku ile, na leo siulizi."

"Mumeo anajua?"

"Angejua, angekwisha sema. Yeye hajapeana na wewe kondoo." Alikiweka kibuyu kando. "Mimi siwezi kulitaja jina lako mbele ya watu, hata ng'ombe wakifa kiu. Hivyo ndivyo tulivyo. Lakini wewe si wa kwetu. Wewe unaweza."

Hakusema kwa hasira. Alimmiminia maziwa, Sesilia akayanywa akiwa amesimama, akarudi kwake. Njiani aliwaza kwamba angeweza kuishi kwa kufukuzwa kazi, angeweza hata kuishi kwa kuonekana mjinga. Kilichomshinda kukibeba ni kwamba kuna mtu alikuwa anamlinda kwa kuumia, na hakuwa ameombwa.

Asubuhi ya kikao alimpigia Deogratias akamwambia yote, kwa mpangilio, tangu viroboto hadi kikopo. Kisha mhandisi akasema, pole pole, kwamba yuko njiani anakuja, na kwamba asiseme lolote kwa mtu yeyote hadi afike, kwa kuwa suala si lake peke yake, kuna mradi. Hakuna upole uliosikika katika sauti hiyo. Sesilia alishangaa kwamba kukosekana kwake hakukumwumiza kama alivyoogopa. Alimshukuru, akakata simu, akaenda kikaoni bila kumsubiri.

Watu walikaa kwenye mabenchi mbele ya ofisi ya kitongoji. Koileken na Nashipai walikaa pembeni. Mzee Ditram alikwisha kufikia mahali pa kusoma uamuzi Sesilia aliposimama.

"Shikamoo mwenyekiti. Naomba kusema."

"Marahaba. Sema, binti, ila kwa ufupi."

Alisema. Hakuinua sauti na hakujitetea. Alieleza kwamba dawa ya kupe iliingia katika mirija kwa mkono wake, kwamba maji ya mirija ndiyo yaliyoshuka bwawani, na kwamba Koileken hakuhusika. Hakumtaja aliyempa dawa. Alipomaliza alitegemea kelele. Badala yake alisikia mtu akicheka nyuma.

"Kaa, binti," alisema Mzee Ditram, kwa huruma kabisa. "Sisi sote tunajua una kondoo katika zizi la hao watu. Mnaitana majina yenu barabarani tunawasikia. Ukiwa na kondoo huko utasema nini?"

"Wamempa na ndama sasa," mtu alidakia, na mabenchi yakacheka.

Sesilia hakuwa amelifikiria hilo. Katika siku zote alizokuwa akiyachelewesha maneno yale, aliyaona kama kitu kizito ambacho akikitua tu kitafanya kazi yake. Sasa aliyatua na hakuna aliyeyapokea. Jina alilopewa kwa wema lilikuwa limegeuka kamba shingoni mwa waliompa. Alibaki amesimama, mikono imening'inia, huku mwenyekiti akiinua tena karatasi.

Bi Joha ndiye aliyemzuia. Alikuwa amemtazama Sesilia muda wote bila kupepesa.

"Ditram, subiri. Maneno nimeyasikia, yake na yenu. Mimi nitawauliza samaki."

Nyumbani kwake kulikuwa na pipa, na ndani ya pipa vifaranga vya perege alivyovitenga kabla ya msiba, mbegu pekee iliyobaki. Alimtuma Sesilia akachote maji ya mirija, akifuatwa na shahidi, na mtu mwingine akachote korongoni, penye mapito ya ng'ombe. Aliweka mabeseni mawili katikati ya kikao, akagawa vifaranga kwa mkono wake mwenyewe, vichache huku na vichache kule. Kisha akakaa chini kando ya mabeseni, na kwa kuwa mwenye samaki amekaa, watu wote walilazimika kukaa.

Walisubiri. Mazungumzo yalianza, yakafa. Mtu aliagiza chai. Jua lilivuka paa la ofisi likaanza kuwapiga upande wa pili, na Deogratias alifika akiwa na vumbi la safari, akaona mabeseni, akaelewa, akasimama bila kutafuta pa kukaa. Sesilia hakumtazama. Alikuwa anaangalia beseni lake. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kutamani aonekane amekosea, na sasa alitamani hivyo kwa nguvu iliyomtia aibu, kwa sababu kutamani hivyo kulikuwa kutamani vifaranga vya Bi Joha vife.

Kifaranga cha kwanza kilianza kuzunguka kama kinachofukuza mkia wake. Kingine kililala ubavu, kikajitahidi, kikalala tena. Katika beseni la korongoni wenzao waliogelea wakinusa kingo. Hakuna aliyecheka sasa. Lilipogeuka tumbo la mwisho, Mzee Ditram aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akamwambia Koileken, bila kumtazama sana, kwamba mapito yabaki kama yalivyo. Koileken aliitikia kwa kichwa. Alipompita Sesilia hakusimama. Nashipai alifuata nyuma yake, na naye hakusimama, ila mkono wake uligusa bega la Sesilia kidogo, kwa namna ambayo ingeweza kuwa bahati mbaya.

Watu walitawanyika. Deogratias alimweleza kwa sauti kavu kwamba mirija yote itafungwa, magamba yote yazikwe, maji yasitoke nje ya uzio hadi yatakapopimwa, na kuhusu kazi yake wataamua wenye mradi. Alikubali yote. Kisha aliinama kuyatoa mabeseni, na Bi Joha akamwambia ayaache.

"Shikamoo, Bi Joha," alisema Sesilia, kwa kuwa hakupata neno jingine.

Mwanamke yule hakuitikia. Alikusanya vifaranga vilivyokufa kwenye pindo la kanga. "Samaki ni samaki, watazaliwa," alisema hatimaye. "Lakini wiki nzima nimeamka nikimchukia mtu ambaye hakunikosea. Nimekutana na mke wake kisimani nikageuza uso. Na wewe ulikuwa unanisaidia kuzika, ukala maharage yangu." Alifunga pindo fundo. "Kesho njoo na koleo na toroli. Dawa imo katika tope lile, na tope halitajitoa lenyewe."

Alikwenda, kesho yake na siku zilizofuata. Bwawa lilikuwa limekaushwa, na sakafu yake ilitoa mvuke wa uvundo juani. Alikwangua kuanzia ukingo, akajaza toroli, akalisukuma hadi kwenye shimo alilolichimba mbali na maji, akarudi. Bi Joha alikaa kivulini akichambua mchicha wala hakumsemesha. Wapita njia walisimama, wakatazama, wakaendelea na safari zao. Ng'ombe wa Koileken walishuka na kupanda mapitoni, na vumbi lao lilimtua mgongoni palipolowa jasho.

Alasiri ya siku ya mwisho alidhani amemaliza. Alinyoosha mgongo, akaegemea koleo. Bi Joha aliinuka, akazunguka bwawa lote polepole, akiangalia chini, kisha akasimama mahali mkondo wa bomba ulipokuwa ukiingilia.

"Kona hii hujaikwangua," alisema.

Sesilia alishuka tena.